Pima kabla ya kidonge cha kwanza: kulinda uzito, sukari na homoni za kijana anayeanza dawa za saikosisi

Kilo nyingi zinazoletwa na dawa za saikosisi (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti au kuamini mambo yasiyo ya kweli) huingia ndani ya miezi 3 ya mwanzo, na vijana hunenepa kwa kasi kuliko watu wazima. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia watoto na vijana wa miaka 4 hadi 19 waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza dawa hizi. Baada ya wiki 11 hivi, waliopewa olanzapini walikuwa wameongezeka kilo 8.5 kwa wastani, kwetiapini 6.1, risperidoni 5.3 na aripiprazoli 4.4. Wenzao ambao hawakutumia dawa waliongezeka kilo 0.2 tu. Kliniki inayosubiri miezi 6 ndipo impime kijana inakuta mambo yameshaharibika.

Mwongozo huu ni wa mhudumu wa kliniki anayepokea vijana walioanza kuugua skizofrenia, baipola au saikosisi ya aina nyingine, na wa mzazi anayetaka kujua aulizie nini. Dozi zimetajwa ili mfuatane na daktari katika mazungumzo. Kuandika dawa, kuipunguza na kuibadilisha ni kazi yake.

1. Vipimo vya kuanzia

Pima kabla ya kidonge cha kwanza. Kama dawa ilibidi itolewe usiku kwa dharura, pima ndani ya siku chache zinazofuata. Usimcheleweshee matibabu mtu anayesikia sauti eti unangoja majibu ya maabara, ila usiache mwezi upite. Ukipima prolaktini (homoni ya maziwa, inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo) kwa mara ya kwanza mwezi wa nne ukaikuta juu, huwezi kujua kama imepandishwa na dawa au ilikuwa hivyo tangu zamani, na kijana ataishia kupigwa picha ya kichwa ambayo pengine hakuihitaji.

Anza na urefu: bila viatu, visigino vimegusa ukuta, macho yametazama mbele, nywele zilizofungwa utosini zimefunguliwa. Kisha uzito, akiwa na nguo nyepesi na mifuko mitupu. Mzani ukae kwenye sakafu ngumu, na uwe huohuo kila anaporudi. Mizani miwili ikitofautiana kilo moja na nusu, utashangilia au kuogopa bila sababu.

Kiuno ndicho kipimo kinachokosewa zaidi, kwa sababu wengi huzungusha futi kamba pale suruali inapokaa. Tafuta kwa vidole mwisho wa ubavu wa chini, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Weka alama ya kalamu katikati ya sehemu hizo mbili, upande wa kulia na wa kushoto, upitishe futi kamba juu ya alama zote mbili bila kubana ngozi. Mwambie apumue kawaida, usome mwishoni mwa pumzi inayotoka. Pima mara 2. Majibu yakipishana zaidi ya sentimita 1, pima ya tatu. Kigezo chepesi cha kukumbuka ni kwamba kiuno kisifike nusu ya urefu. Kijana wa sentimita 158 anatakiwa abaki chini ya 79.

Presha ipimwe baada ya kukaa kimya dakika 5. Sehemu ya mkanda inayojaa hewa izunguke asilimia 80 hadi 100 ya mkono. Mkanda mdogo hutoa presha ya juu ya uongo, na kijana aliyeongezeka kilo 10 huenda sasa anahitaji mkanda mkubwa kuliko ule wa siku ya kwanza. Hilo husahaulika sana.

Damu ya maabara: sukari baada ya kufunga kula kwa muda wa saa 8, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3), mafuta ya damu, figo, ini, TSH ya tezi ya thairoidi, na prolaktini. TSH isirukwe hata kama dawa haina uhusiano na thairoidi, kwa sababu tezi hiyo ikizembea au ikizidisha kazi huweza kuleta huzuni, wasiwasi au msisimko unaofanana na ugonjwa wa akili. Msichana aliyevunja ungo apimwe pia mimba, kwa faragha na kwa ridhaa yake. Andika kama kuna kisukari au ugonjwa wa moyo katika familia.

Mwisho, zungumza na kijana mzazi akiwa nje. Muulize msichana hedhi ilianza lini, ya mwisho ilikuwa lini, na mzunguko wake ukoje. Muulize mvulana kuhusu sauti, nywele za mwili na matiti. Msichana ambaye hajaota matiti kufikia miaka 13 au hajapata hedhi kufikia 15, na mvulana ambaye korodani hazijaanza kukua kufikia miaka 14, wapelekwe kwa daktari wa homoni sasa hivi. Kubalehe kulikochelewa kabla ya dawa kusije kukabebeshwa dawa baadaye.

2. Kuchagua dawa

Uamuzi huu una uzito kuliko ushauri wote wa chakula utakaofuata. Olanzapini na klozapini ndizo zinazonenepesha zaidi. Kwetiapini, risperidoni na paliperidoni ziko katikati. Aripiprazoli, lurasidoni na ziprasidoni ziko chini, ingawa kijana ambaye hajawahi kutumia dawa anaweza kunenepa hata kwa hizo. Kwa prolaktini orodha inageuka: risperidoni, paliperidoni, amisulpridi na haloperidoli huipandisha sana, aripiprazoli kwa kawaida huishusha.

Kwa hiyo kumpa kijana olanzapini kama chaguo la kwanza, wakati hajajaribu kitu kingine, kunahitaji sababu iliyoandikwa kwenye faili. Zipo sababu za kweli, kwa mfano hali mbaya isiyotulia. Mazoea ya kituo hayatoshi. Na ikiwa olanzapini ilianzishwa wodini ili alale, jambo la kwanza la kuuliza akitoka ni kama bado anaihitaji.

3. Ratiba

Uzito: kila wiki kwa wiki 6 za mwanzo, tena wiki ya 12, kisha kila miezi 3. Urefu na kiuno: kila miezi 6. Presha, sukari, HbA1c, mafuta na prolaktini: wiki ya 12, halafu kila miezi 6. Dawa ikibadilishwa, ratiba inaanza upya.

Kama hawezi kuja kila wiki, mzazi ampime nyumbani asubuhi ya siku moja iliyochaguliwa, baada ya kwenda chooni na kabla ya kula, atume namba kwa simu. Asimpime kila siku. Kupima kila siku huleta ugomvi nyumbani na namba zake zinapandishwa na kushushwa na maji tu.

4. Kusoma namba

Msichana wa miaka 15 alianza na kilo 52, urefu mita 1.58. BMI yake (uzito ukilinganishwa na urefu) ni 52 gawanya kwa jibu la 1.58 mara 1.58, yaani 20.8. Baada ya wiki 4 ana kilo 55.5, BMI 22.2. Ukitazama jedwali la ukuaji la WHO (Shirika la Afya Duniani), bado yuko chini ya mstari wa +1 ambapo uzito uliozidi huanza, hivyo wengi wataandika "uzito wa kawaida" na kumpa tarehe ya kurudi. Hesabu upya: kilo 3.5 kwa 52 ni asilimia 6.7 ndani ya mwezi mmoja. Ongezeko la asilimia 5 katika mwezi wa kwanza ndilo linalotabiri unene wa baadaye, na kwake asilimia 5 ilikuwa kilo 2.6. Alipaswa kuchukuliwa hatua wiki ya tatu.

Kosa la upande wa pili ni la kijana anayerefuka. Mvulana wa miaka 13 aliyeongezeka kilo 4 na sentimita 5 ndani ya miezi 8 huenda anakua tu. Ndiyo maana kwa muda mrefu hufuatwa BMI kwenye jedwali la umri na jinsia, na kilo tupu hutumika wiki za mwanzo ambapo urefu haujapata nafasi ya kubadilika.

Sukari baada ya kufunga: chini ya 5.6 mmol/L ni sawa, 5.6 hadi 6.9 ni tahadhari, 7.0 na kuendelea ni kiwango cha kisukari, na kipimo kinarudiwa kuthibitisha kama hana dalili. HbA1c: asilimia 5.7 hadi 6.4 ni tahadhari, 6.5 na kuendelea ni kisukari. Mwenye selimundu au upungufu wa damu, HbA1c yake hudanganya. Tegemea sukari yenyewe. Tena katika wiki za mwanzo HbA1c iko nyuma ya matukio, kwa kuwa inabeba wastani wa miezi iliyopita. Sukari inaweza kuharibika hata kabla ya kilo kupanda, maana baadhi ya dawa hizi huathiri insulini moja kwa moja.

Kuhusu kufunga kula: njaa ya olanzapini humwamsha mtu usiku. Usimuulize "umefunga?" kwa sauti ya hakimu, atasema ndiyo. Muulize amekula nini mara ya mwisho na saa ngapi. Kama alikula alfajiri, chukua HbA1c na mafuta bila kufunga, uandike hivyo kwenye fomu.

Mafuta ya trigliseridi kwa umri wa miaka 10 hadi 19 yasifike 1.5 mmol/L. Yakizidi 5.7 yanaweza kuwasha kongosho, hivyo mjulishe daktari siku hiyohiyo. Presha kuanzia miaka 13: 130/80 na kuendelea, ikithibitishwa siku 3 tofauti, ni ya kutibiwa.

5. Hatua uzito unapopanda

Familia ielezwe mapema kwamba njaa hii si ulafi. Dawa huziba vipokezi vya histamini na serotonini ambavyo ubongo huvitumia kujua kwamba tumbo limeshiba, kwa hiyo kijana anaweza kumaliza sahani akasikia njaa palepale. Kumkaripia mezani humfanya ale kwa siri, au aache dawa kimyakimya, na huyo wa pili ndiye atakayerudi wodini.

Anza na vinywaji. Chupa ya soda ya mililita 500 ina takriban gramu 50 za sukari, zaidi ya vijiko 12 vya chai. Dawa nyingi hukausha mdomo, kiu inamvuta kijana kwenye chupa ya pili, na kalori za kunywa hazishibishi. Maji yawe karibu na kitanda na karibu na mlango. Soda isiwekwe akiba nyumbani kwa mtu yeyote, kwa sababu kumkataza mmoja huku wengine wanakunywa hakujawahi kudumu. Kisha mlo wa usiku: upakuliwe jikoni, masufuria yabaki huko, na kuwe na kitu cha njaa ya saa 4 usiku kilichokubaliwa mapema, kama tunda au mboga. Kiamsha kinywa kisirukwe; anayeamka saa 6 mchana hula mlo wake wote gizani.

Usingizi wa asubuhi mara nyingi unatibika kwa kusogeza saa ya dawa. Dozi iliyokuwa inamezwa saa 5 usiku ikiletwa saa 2, na daktari akiafiki, kijana anaamka mapema na anaweza kutembea. WHO inapendekeza dakika 60 za mwendo kwa siku kwa umri wa miaka 5 hadi 17. Kwa anayetoka kwenye saikosisi anza na dakika 10 baada ya kila mlo, akiwa na mtu wa kufuatana naye. Programu ya jijini Sydney iliyowapa vijana wa saikosisi ya mwanzo mtaalamu wa lishe, mwalimu wa mazoezi na muuguzi kwa wiki 12 ilipata ongezeko la kilo 1.8 kwa wastani, dhidi ya 7.8 kwa waliopata huduma ya kawaida. Kilichosaidia ni kuanza pamoja na dawa. Karatasi ya ushauri aliyopewa mlangoni haifanyi hivyo.

Uzito ukivuka asilimia 5, kaeni na daktari kuhusu dawa. Njia ya kwanza ni kuhamia dawa nyepesi, ile mpya ikipandishwa taratibu huku ya zamani ikishushwa kwa wiki kadhaa. Kukata ghafla kunaleta kukosa usingizi na mara nyingi ugonjwa wenyewe kurudi. Kijana aliyetulia kwa shida sana, au anayetumia klozapini kwa sababu nyingine zote zimeshindwa, hahamishwi kirahisi. Huyo huongezewa metformini, dawa ya kisukari ambayo pia hupunguza uzito.

Metformini huanza na miligramu 500 pamoja na chakula cha jioni, ikiongezwa 500 kila wiki 1 hadi 2, hadi 1000 mara 2 kwa siku kama tumbo linakubali. Kuhara na kichefuchefu ni vya wiki za mwanzo, na hutokea zaidi kwa anayemeza bila chakula au anayepandishiwa dozi haraka; kidonge kinachoyeyuka polepole husaidia. Figo zipimwe kabla ya kuanza, vitamini B12 ifuatiliwe kila mwaka, na dawa isimamishwe siku za kutapika au kuharisha sana. Matarajio yawe ya kweli: huondoa kilo chache, na hufanya kazi vizuri ikianza mapema.

Uulize pia sigara. Moshi wake humfanya kijana asage olanzapini na klozapini haraka. Akiacha ghafla, dawa hupanda mwilini ndani ya siku chache, na usingizi, mate na njaa vinaongezeka. Kuacha ni jambo zuri, ila daktari ajue siku ile ile ili apunguze dozi.

6. Prolaktini

Dopamini, kemikali ya ubongo, huibana tezi ya pituitari isimwage prolaktini. Dawa inayoziba dopamini inalegeza breki hiyo. Kwa kawaida prolaktini huwa chini ya 25 ng/mL kwa wasichana na chini ya 20 kwa wavulana. Maabara inayotumia mIU/L, gawanya kwa 21 upate ng/mL. Kwenye risperidoni si ajabu kuona 60 au 90.

Damu ichukuliwe asubuhi, angalau saa 1 au 2 tangu aamke, kabla ya dozi ya asubuhi, baada ya kupumzika dakika 20. Aliyefika anakimbia, aliyelia kwa kuogopa sindano au aliyepata degedege usiku atatoa namba kubwa isiyo na maana. Ikiwa juu, rudia kabla ya kuamua lolote, na uangalie mambo mengine yanayoipandisha: mimba, thairoidi iliyozembea, figo. Mpe picha ya kichwa anayeumwa kichwa, asiyeona vizuri pembeni, aliyekuwa nayo juu kabla ya dawa, au aliyezidi 150 hivi.

Dalili hazisemwi bila kuulizwa. Hedhi kukosekana miezi 3, maziwa kutoka, matiti ya mvulana kuuma au kukua, uume kutosimama. Mvulana wa miaka 16 anayevaa sweta kwenye joto huenda anaficha matiti, na wengi wao huacha dawa bila kusema kwa nini. Swali la kawaida linatosha: "Dawa hii huwafanya baadhi ya vijana matiti yaume au yakue. Kwako vipi?"

Prolaktini iliyopanda bila dalili, hedhi ikija na kubalehe kukiendelea, inaweza kufuatiliwa. Yenye dalili, au iliyozima homoni za uzazi kwa miezi mingi, haivumiliwi, kwani umri huu ndio wa kujenga mifupa ya maisha yote. Kalsiamu inayohitajika kuanzia miaka 9 hadi 18 ni miligramu 1300 kwa siku. Suluhisho ni kupunguza dozi, kuhamia dawa nyingine, au kuongeza aripiprazoli kidogo, miligramu 2.5 hadi 5, juu ya ile iliyopo.

Mambo 2 hapa huleta majuto. La kwanza, msichana aliyekosa hedhi kwa risperidoni akihamishwa, yai hupevuka kabla hedhi ya kwanza haijaonekana, kwa hiyo anaweza kushika mimba huku akiamini hawezi. Mazungumzo ya uzazi wa mpango yafanyike siku ya kuhamisha dawa. La pili, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 nayo huongeza uzito na hupunguza uzito wa mifupa. Ikiwekwa juu ya dawa inayopandisha prolaktini, mifupa inapigwa mara mbili. Tafuteni njia nyingine ikiwezekana.

7. Lithiamu na valproeti

Hizi ni dawa za kutuliza hisia, hasa kwa baipola. Lithiamu: TSH, figo na kalsiamu kila miezi 6, na kiwango cha dawa kipimwe kwenye damu iliyochukuliwa baada ya saa 12 tangu dozi ya mwisho. Ibuprofeni na kukosa maji mwilini hupandisha kiwango hadi sumu. Kiu yake ikizimwa kwa soda, uzito unapanda kwa mlango wa nyuma.

Valproeti hunenepesha, huhusishwa na vifuko kwenye ovari, na huharibu mimba vibaya. Msichana asiwekwe kwenye dawa hii kama kuna njia nyingine. Ulaya ilikaza masharti yake mwaka 2018.

8. Siku isiyongoja miadi

Kiu isiyokatika, kukojoa usiku kucha, kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa kina na haraka, kisha kuchanganyikiwa: pima sukari hapo hapo kwa tone la kidole. Ikifika 11.1 na dalili zipo, ni hospitali sasa, kwa kuwa damu huenda imeshakuwa na asidi. Kwa kijana huyu dalili hizi husomwa vibaya. Kunywa maji ndoo nzima huitwa tabia ya ugonjwa wake, kuchanganyikiwa huitwa saikosisi kurudi, na anaongezewa dozi ya dawa ileile iliyoharibu sukari. Hata anayetumia lithiamu, ambayo kweli huleta kiu, apimwe sukari kwanza.

Anayetumia klozapini ambaye hajapata choo siku 3, au tumbo limevimba na anatapika, naye ni wa hospitali. Utumbo uliosimama huua.

9. Faili linalohama naye

Akifika umri wa kuhamia kliniki ya watu wazima, toa ukurasa mmoja: uzito, urefu, kiuno, presha, sukari na prolaktini za siku ya kwanza kabla ya dawa, kila dawa aliyotumia, tarehe za kuanza na kuacha, na kilo alizoongezeka kwa kila moja, tarehe ya hedhi ya mwisho kabla na baada ya kila badiliko. Nakala moja abaki nayo kijana mwenyewe. Daktari mpya anayeona kwamba olanzapini ilimpa kilo 9 kwa wiki 10 hatamwandikia tena kwa kutojua.